Mama, Utunze Moyo Wako Kabla na Baada ya Kujifungua

Moyo ni pampu. Husukuma damu mwili mzima, usiku na mchana, bila kupumzika. Mwanamke akishika mimba, kazi hiyo huongezeka. Damu yake huzidi kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, kwa sababu anamlisha na mtoto aliye tumboni. Moyo wenye afya huuweza mzigo huo. Moyo mgonjwa hulemewa.

Watu wengi hudhani kuwa mama akishajifungua, hatari imekwisha. Sivyo. Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata hata wanawake ambao hawajawahi kuugua moyo. Huanza mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi 5 baada ya kujifungua. Misuli ya moyo hulegea. Pampu hukosa nguvu, na maji hujaa mapafuni na miguuni.

DALILI ZAKE

Miguu kuvimba kidogo mwishoni mwa mimba ni jambo la kawaida. Lakini mambo haya si ya kawaida:
1. Kukosa pumzi ukilala chali, hata unalala umekaa.
2. Kushtuka usiku ukihema kwa nguvu.
3. Kikohozi kisichoisha, hasa usiku.
4. Miguu au uso kuendelea kuvimba baada ya kujifungua.
5. Moyo kwenda mbio, au kuzimia.

Ukiona dalili hizi, usiseme ni uchovu wa uzazi. Usiseme umerogwa. Usingoje arobaini iishe. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

SAFARI YA HOSPITALI

Mganga wa zahanati akiona hatari, atakupa rufaa kwenda hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Wagonjwa wengine hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Njiani mgonjwa akalishwe, asilazwe chali.

Ninyi mnaokaa Msimbati, Kitaya au Mahurunga mnajua jinsi mvua inavyoharibu barabara. Ninyi wa Msangamkuu mna maji ya kuvuka. Basi baba, ukiuza korosho, weka kando nauli ya mama kabla miezi yake haijatimia.

KLINIKI

Nenda kliniki mapema, mara ujuapo una mimba. Dai upimwe presha, damu na mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 ni ya juu, na moyo unasukuma kwa shida. Upungufu wa damu pia huuchosha moyo. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua, na umeze dawa za malaria na za kuongeza damu unazopewa. Baada ya kujifungua, rudi ukapimwe hata kama hujisikii mgonjwa.

Kama utotoni uliumwa koo, kisha viungo vikavimba, mwambie mganga. Ugonjwa huo huweza kuharibu vilango vya moyo, na mara nyingi hujulikana wakati wa mimba.

JOTO NA CHUMVI

Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, wazazi walilazwa juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake. Walioga maji ya moto sana, wakala uji wa magadi kwa siku 40. Katika miaka ya 1970 waganga waliwaona wengi wao wakivimba na kukosa pumzi. Wakaeleza kuwa joto kali na chumvi nyingi vilizidisha mzigo wa moyo.

Kwetu pia mzazi hukandwa maji ya moto. Bibi, mkande kwa maji ya vuguvugu. Na mzazi aliyevimba asile samaki wa chumvi.

MIMBA NYINGINE

Wengi hupona wakitumia dawa vizuri. Lakini mimba nyingine huweza kuurudisha ugonjwa, hata kuua. Mama na baba, mwoneni daktari kwanza. Tumieni uzazi wa mpango mpaka awaruhusu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini mimba huongeza kazi ya moyo?
2. Taja dalili tatu za hatari.
3. Mgonjwa akizidiwa usiku kijijini kwenu, mtamfikishaje hospitali?