Ukitoka kwenye Prado Kuingia Hilux

Siku hizi wapo wengi wanaouza Prado na kununua Hilux dabo kebini. Sababu zao zinaeleweka. Shamba limepanuka, duka la vifaa vya ujenzi limeanza kusimama, watoto wamekua na kuhama nyumbani, au mtu amechoka kutandika turubai juu ya viti kila anapobeba mbolea. Anaamini anahamia gari lile lile, ila limeongezewa mahali pa mzigo. Imani hiyo ina msingi wake: nembo ni moja, swichi nyingi anazijua, na kwa magari ya dizeli yaliyotoka kuanzia 2015 hata injini inaweza kuwa ile ile ya lita 2.8 ambayo mafundi wanaiita 1GD.

Kazi yangu ni kufundisha madereva wa magari ya porini, na wanaonipa wasiwasi kuliko wanafunzi wapya kabisa ni hawa wazoefu wa Prado. Mgeni huuliza. Mzoefu hupanda, akawasha, akaondoka na mazoea yake yote, na mazoea hayo yalijengwa juu ya gari ambalo kwa sehemu ya nyuma halifanani na Hilux hata kidogo.

Kwanza undugu wenyewe. Prado 150, iliyoanza kuuzwa 2009, iko ukoo mmoja na 4Runner na FJ Cruiser. Hilux ya 2015 chesisi yake inashirikiana na Fortuner. Kwa hiyo pacha wa Hilux ni Fortuner, kama vile Ford Everest na Ranger, au Pajero Sport na L200, walivyo mapacha. Lakini hata kwa mapacha hao tofauti ya nyuma inabaki pale pale: gari la abiria lina springi za kuzunguka, pikapu ina springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Hilo nitalirudia. Nianze na fowili, yaani mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne, maana ndiyo inayoharibu magari na ndiyo inayopindua watu.

Prado 120 na 150 husukuma magurudumu yote manne muda wote. Unapokata kona, kila gurudumu hupita njia yenye urefu wake. Ya mbele huzunguka duara kubwa kuliko ya nyuma, hivyo lazima yatembee umbali mrefu zaidi. Katikati ya Prado kuna difu ya tatu inayoruhusu tofauti hiyo. Dereva hagusi kitu, na anaweza kuliendesha gari hilo miaka mingi bila kujua kwamba kuna kazi inafanyika chini yake.

Hilux haina difu hiyo ya katikati. Ikiwa kwenye H2, injini inasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Ukizungusha swichi kwenda H4, propela shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka kwa kasi moja. Kwenye tope, mchanga au changarawe hakuna tabu: gurudumu lililobanwa hujiachia kwa kuteleza kidogo, na msokoto unaisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, kwa hiyo msokoto unajikusanya ndani ya shafti, difu na gia za fowili. Usukani unakuwa mzito, gari linasita kwenye kona kana kwamba breki ya mkono imeshika, na ukitaka kurudi H2 taa inabaki inametameta kwa sababu meno ya gia yamebanana. Yakikupata hayo, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, msokoto utafunguka. Ukikaza kwenda hivyo hivyo, utaanza kumaliza tairi, kisha utamaliza vyuma.

Kosa la upande wa pili ndilo la hatari zaidi. Aliyeonywa kuhusu H4 huiogopa, akabaki kwenye H2 hata pale lami ilipokwisha. Barabara ya changarawe ina kona, gari ni tupu, na nguvu yote ya injini inakwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma yasiyo na uzito juu yake. Mkia unatoka. Aliyetoka kwenye Prado hajawahi kuuona mkia ukitoka namna hiyo, na mguu wake unakimbilia breki, jambo linalozidisha mambo. Ninachowaambia ni hiki: kwenye lami ni H2, lami ikiisha ni H4, hata kama barabara inaonekana nzuri. Kati ya H2 na H4 huhitaji kusimama, mradi mwendo ni wa wastani na usukani umenyooka. L4, yaani fowili ya gia nzito, ndiyo inayodai gari lisimame na gia iwe huru. Kama Hilux yako ina kufuli ya difu ya nyuma, ifunge kabla hujazama, ukiwa umesimama au unatambaa, na uifungue mara tu unapotoka, kwani difu iliyofungwa haikubali kukata kona.

Inabaki lami iliyolowa, ambayo H4 haikusaidii na H2 inakuhitaji uwe mpole. Hilux tupu ina injini, giaboksi na kebini mbele. Nyuma kuna bodi ya bati na tairi ya akiba. Injini ya lita 2.4 yenye gia otomatiki inatoa torki ya hadi Nm 400, tena ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini. Kwenye kipilefti, mvua za kwanza zinapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani kiangazi kizima, mguu ulioizoea Prado unatosha kuligeuza gari litazame lilikotoka. Matoleo mengi yana kompyuta ya kudhibiti mtelezo, lakini baadhi ya yale ya bei ya chini yaliyoletwa kwetu hayana. Washa gari utazame kwenye dashibodi: mchoro mdogo wa gari lenye mistari ya kuteleza nyuma yake ukiwaka kisha ukazimika, mfumo upo. Usipowaka kabisa, jua unaendesha kwa akili yako peke yako.

Sasa springi. Mabamba ya Hilux yametengenezwa kubeba karibu tani moja. Pasipo mzigo hayapindi inavyopaswa, na kila kishimo kinafika kiunoni mwa abiria wa nyuma. Lakini maumivu ya kiuno ndiyo madogo. Chukua barabara iliyofanya mawimbi mafupi ya udongo mgumu, kama ile ya Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti. Dereva wa Prado anajua kwamba akifika kilomita 70 au 80 kwa saa, gari linapita juu ya mawimbi na mtetemo unapungua. Springi zake laini zinairudisha tairi ardhini kila mara. Kwenye Hilux tupu, kwa mwendo huo huo, tairi za nyuma zinaruka na zinakaa hewani muda mwingi kuliko zinavyogusa chini. Kwenye barabara iliyonyooka utaona gari limetulia. Ikija kona, au ukalazimika kumkwepa nyani, hakuna kinachoushika mkia.

Dawa yake si moja. Punguza mwendo. Weka H4. Pima upepo wa tairi kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho hutenganisha gari tupu na gari lenye mzigo. Wengi hujaza upepo wa mzigo mwaka mzima, na tairi ngumu juu ya springi ngumu ni taabu mara mbili. Kwa wanaosafiri tupu mara kwa mara, mifuko ya mchanga ya kilo 100 au 150, iliyofungwa vizuri na kuegemezwa kwenye ukuta wa kebini, inabadilisha tabia ya gari kwa namna ambayo hakuna shokapu ya bei mbaya itakayoweza. Na tafadhali usimruhusu fundi kuongeza bamba kwenye springi kabla hujajua kweli unabeba kilo ngapi.

Kilo ngapi, ndiyo. Watu husikia tani moja wakafikiri ni tani moja ya mahindi. Kipimo hicho kinahesabu kila kitu kilichoongezwa juu ya gari tupu, wakiwemo watu. Watu wazima watano wa kilo 75 ni kilo 375. Bampa ya chuma, winchi na kanopi vinaweza kufika kilo 200. Kwenye kilo 1,000 zimebaki 425, yaani mifuko minane ya saruji, au magunia manne ya kilo 100. Ukiona dabo kebini imejaza abiria na juu yake kuna magunia kumi, usijipe moyo kwamba ni chuma cha Kijapani.

Tena mahali mzigo unapokaa ni jambo kubwa kuliko uzito wake. Kwa sababu kebini ya milango minne imekula nafasi, bodi imesogezwa nyuma, na sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli. Mzigo mzito ukiuweka karibu na mlango wa nyuma unakuwa wenzo: unaikandamiza nyuma na kuinyanyua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele hazishiki kona, na usiku taa zako zinawapofusha wanaokuja. Ndiyo maana kuna kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kushusha mwanga, ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Mwaka 2016 jarida la Uswidi, Teknikens Värld, lilijaribu kuikwepesha Hilux iliyopakia, kwa mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa, kama dereva anayemkwepa mnyama aliyetokea ghafla. Gari lilisimama kwa tairi za upande mmoja. Toyota ililifanyia marekebisho kisha, na majaribio yaliyofuata yakaenda vizuri zaidi, lakini funzo kwetu tunaopita Mikumi usiku halijafutika: kwa pikapu yenye mzigo, punguza mwendo kwanza kwa mstari ulionyooka, ndipo ukwepe.

Breki nazo zinataka uangalifu. Prado ina diski kote. Hilux nyingi zina ngoma nyuma. Magari yote mawili yamepimwa kuvuka maji ya kina cha milimita 700, ila ngoma hutunza maji na tope. Ukitoka mtoni, bonyeza breki kidogo kidogo huku unatembea mpaka zishike.

Urefu utauzoea baada ya wiki chache. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Prado 150 ina milimita 2,790, Hilux 3,085, na gari zima ni refu kwa karibu nusu mita. Kwenye kona za kupanda Lushoto hutauona ubaya wake, ila utauona kwenye maegesho ya mjini na kwenye korongo jembamba, ambako mkia unakwaruza ilhali pua imeshatoka salama.

Kuhusu familia niseme wazi. Prado yenye safu tatu za viti haina mbadala kwenye dabo kebini. Kiti cha nyuma cha Hilux kina mgongo uliosimama kwa sababu nyuma yake kuna ukuta, na mama mzee anayetoka Dodoma kwenda Bukoba atafika amechoka. Watoto wasiwekwe kwenye bodi, hata kwa safari ya kutoka kanisani hadi nyumbani. Mizigo yenyewe inahitaji kanopi au kifuniko kigumu, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya wezi wa kwenye foleni. Na hata kanopi nzuri huvuta vumbi kupitia mianya ya mlango wa nyuma, hivyo kwanza ziba mianya hiyo kwa mpira. Ongea pia na kampuni ya bima kabla ya kubeba mzigo wa mtu mwingine, kwa kuwa bima ya gari binafsi na bima ya gari la mizigo ya biashara si kitu kimoja, na si vizuri kuigundua tofauti hiyo baada ya ajali.

Mwisho ni ununuzi. Aliyezoea kuagiza Prado iliyotumika Japani atashangaa jinsi Hilux zilivyo chache huko. Hilux iliacha kuuzwa Japani mwaka 2004 na ikarudi 2017 tu, tena ikitoka Thailand. Zenye usukani wa kulia hupatikana zaidi Thailand kwenyewe, Uingereza na Afrika Kusini. Zile za Uingereza na Japani zina chujio la moshi ambalo hujisafisha kwa kuunguza masizi gari linapokwenda mwendo mrefu wa kasi. Kwa mtu wa safari za kilomita tatu tatu mjini litaziba, na kulibadilisha ni ghali. Uliza kabla ya kulipa.

Kisha lipeleke gari mahali tambarare, lisimame tupu, ulitazame kwa ubavu. Kati ya ukuta wa kebini na ukuta wa bodi kuna upenyo. Unapaswa kuwa na upana ule ule kuanzia chini hadi juu, kulia na kushoto. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chesisi imepinda nyuma ya kebini kwa mizigo iliyokaa mkiani. Ingia chini na tochi, tafuta rangi iliyopasuka au alama ya kuchomelea mahali hapo. Ukizikuta, mwache muuzaji na gari lake hata akikupunguzia bei kwa nusu.