MFANYAKAZI WA NYUMBANI NAYE APUMZIKE

Zamani mkazi wa Bunju mwenye kazi mjini hakuwa na budi kuamka kabla ya alfajiri, akalisubiri basi katika Barabara ya Bagamoyo. Leo wako wenzetu wasiosafiri tena: kazi yao imo ndani ya kompyuta, nao huifanya sebuleni. Desturi hiyo ilienea sana ulimwenguni baada ya UVIKO-19 kuenea mwaka 2020.

Wapo wasemao kwamba mtu wa namna hiyo anastarehe. Sisi hatukubali. Nauli ameiokoa, lakini kengele ya kutoka kazini haipo. Maagizo ya mkubwa wake humfuata hata wakati wa chakula cha usiku, na mchana kutwa macho yake hayaoni ila kioo na ukuta.

Siku hizi wafanyakazi kama hao hushauriwa kutazama picha za misitu katika kompyuta, kusikiliza sauti za ndege, na kutulia wakifuata pumzi zao. Jambo hili si la kudharauliwa. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa utulivu wa namna hiyo huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alieleza kwamba wagonjwa waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo, ambao dirisha lao lilielekea miti, walitoka hospitali mapema kuliko walioelekea ukuta wa matofali.

Lakini na tuangalie vema: wagonjwa wale walitazama miti yenyewe. Asiye na dirisha na atazame picha, zitamfaa. Bunju yetu, hata hivyo, ingali na miembe na minazi, na upepo wa bahari wavuma bila malipo. Kinachokosekana ni saa ya kutoka nje.

Saa hiyo si fadhili ya tajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, dakika 60 za mapumziko kwa aliyefanya kazi saa tano mfululizo, na saa 12 za kupumzika baina ya siku na siku. Hatuoni mahali isemapo kwamba haki hizo hukoma mlangoni pa ofisi.

Basi tajiri anayempelekea mfanyakazi wake picha ya msitu, kisha akamtaka kazi saa nne za usiku, ametoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Nawe ndugu mfanyakazi, saa yako ikifika, funga kompyuta, ukakae chini ya mwembe.