Meno ya Kahawia na Milima ya Moto ya Kaskazini

Barua zilizorundikana mezani mwa gazeti hili, nyingi zikiwa zimetoka Arumeru, Hai, Monduli na Longido, zinauliza kwa ibara mbalimbali swali moja: mbona watoto waliozaliwa na kulelewa katika nchi hizo huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi wala dawa ya dukani haiyafuti, na je, ni kweli wasemavyo wauza dawa wanaozunguka magulioni, kwamba madoa hayo ni uchafu wa kinywa, au ni damu ya ukoo, au ni husuda ya jirani? Jibu lake lipo, limekwisha kuthibitishwa na wataalamu zamani, na linaanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii, nao ni moto uliomo chini ya milima yetu.

Nasema tangu mwanzo, ili asibaki mtu na shaka: madoa hayo hayaletwi na uvivu wa kupiga mswaki, wala mtoto hayarithi kwa baba yake. Mtoto wa Kimeru aliyelelewa Tanga huota meno meupe kama wenziwe wa Tanga, na mtoto wa mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Unguja akiwa angali mchanga, akanywa maji ya visima vya chini ya Mlima Meru, hupata madoa yale yale waliyo nayo watoto wa kijiji kile. Kinachowaunganisha ni maji wanayoyanywa, na kilichomo ndani ya maji hayo ni floraidi.

Sasa tuitazame asili ya floraidi hiyo. Katika Bonde la Ufa, linaloshuka kutoka Uhabeshi likapita Kenya hadi kwetu, ganda la dunia linavutwa huku na huku na kupungua unene, na jiwe lenye joto kali lililo chini yake huyeyuka, lakini huyeyuka sehemu ndogo tu. Na katika kuyeyuka huko kwa kiasi kidogo, vitu vinavyotangulia kuingia katika uji wa moto ni vile visivyopata makazi mema ndani ya fuwele za jiwe, navyo ni sodiamu, potasiamu, hewa ya kaboni, klorini na florini. Ndiyo sababu milima ya moto ya kaskazini, tangu Kilimanjaro chenye mita 5,895 na vilele vyake vitatu vya Shira, Mawenzi na Kibo, hadi Meru wenye mita 4,566, na Monduli, Kitumbeine na Gelai, imejengwa kwa mawe na majivu yenye magadi na florini nyingi kuliko milima ya moto ya nchi nyingine nyingi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Ol Doinyo Lengai, mlima wa pekee duniani ulio hai unaotapika lava ya kaboneti ya sodiamu, nyeusi itokapo na nyeupe ikisha kunyeshewa, ambayo joto lake ni digrii 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Nao ulilipuka tena mwaka 2007 na kuendelea 2008, ukimwaga majivu juu ya malisho ya Wamasai. Meru, ambao mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910, ulipasuka ubavu wake wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na kifusi chake kikaporomoka kuelekea Kilimanjaro, na katika mabonde ya kifusi hicho ndipo yalipo maziwa ya Momella.

Lakini kuwamo kwa florini ndani ya jiwe si hoja peke yake, kwa kuwa jiwe halinywewi. Hoja ni jinsi inavyoingia humo na jinsi inavyotoka, na hapa naomba subira ya msomaji, maana kanuni nitakayoieleza ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata. Ndani ya madini mengi, kama vile ulanga na apataiti, mna nafasi zilizowekwa kwa ajili ya haidroksili, nayo ni oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja ikiwa na chaji moja hasi. Floraidi nayo ina chaji hiyo hiyo, na ukubwa wake unakaribiana mno na ule wa haidroksili, hata madini hayawezi kuzibagua. Basi floraidi huingia katika nafasi ya haidroksili kama mgeni aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba, akapita mlangoni na kuketi kitini asiulizwe na mtu. Kubadilishana huko huenda pande zote mbili: penye floraidi nyingi, haidroksili hutoka, na penye haidroksili nyingi, floraidi hutoka.

Mvua inyeshayo juu ya Meru haina floraidi ya kuhesabika, na chemchemi za juu msituni, ambazo maji yake hayakukaa sana ardhini, aghalabu ni salama. Maji yanayozama zaidi, yakapenya katika majivu na kifusi kwa miaka mingi, hubeba sodiamu ya mawe na kuwa ya magadi. Na maji ya magadi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, huisukuma floraidi kutoka katika nafasi zake ndani ya madini, kwa sababu haidroksili zimezidi. Pili, huishusha kalsiamu chini ikawa chokaa, na hilo ndilo kubwa, kwani katika nchi zenye kalsiamu nyingi ndani ya maji floraidi hukamatwa na kalsiamu hiyo na kugeuka jiwe lisiloyeyuka kwa urahisi, ilhali kwetu kalsiamu imekwisha kuondoka kabla ya kufanya kazi yake, na floraidi imebaki huru ndani ya maji. Kisha jua la tambarare hukausha maji na kuacha chumvi zake. Matokeo yake ni haya: Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa, ilhali mto wa Maji ya Chai umepimwa na kukutwa na zaidi ya 10, Ngare Nanyuki zaidi ya 20, na baadhi ya maziwa ya Momella mamia kadhaa. Nchi yetu yenyewe, kwa dhiki ya maji, iliwahi kuruhusu miligramu 8 vijijini, ikashuka hadi 4, na sasa inafuata mpaka huo wa 1.5.

Si sisi peke yetu tuliopata msiba huu. Daktari wa meno Frederick McKay alipofika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, aliwakuta wenyeji wana meno ya kahawia, na kwa miaka mingi akashuku maji asipate kujua ni kitu gani ndani yake, hadi mwaka 1931 H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu, alipopima maji ya mji wa Bauxite na kuikuta floraidi. Wenyeji hao wa Colorado hawakuwa wa makabila yetu, na wanaosema kwamba jambo hili ni la kabila fulani wangefaa kulizingatia hilo.

Jino la mtoto huumbwa ndani ya taya miaka kadhaa kabla halijaonekana. Chembe hai zinazolijenga humwaga kwanza utandu wa protini, kisha huiondoa protini hiyo kidogo kidogo huku fuwele za apataiti zikikua na kuijaza nafasi yake. Floraidi ikizidi katika damu, kazi ya kuiondoa protini hucheleweshwa, na ngozi ngumu ya jino hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa jeupe kama chaki, na baada ya kuota, vitundu vile hunyonya rangi ya chakula na chai hata likawa la kahawia. Kazi hiyo ya ujenzi, isipokuwa kwa magego ya mwisho, hukamilika mtoto akiwa na umri wa miaka minane hivi. Kwa hiyo mtu mzima anayehamia chini ya Mlima Meru hapati madoa, na mtoto aliyekwisha kuyapata hayaponi hata akihamia nchi yenye maji mazuri.

Mifupa nayo ni apataiti, tena haikomi kujengwa maisha yote. Karibu nusu ya floraidi anayoimeza mtu mzima hutoka kwa mkojo, na inayobaki huketi mifupani katika nafasi za haidroksili, kwa watoto kwa wingi zaidi. Ikirundikana kwa miaka, mgongo hukakamaa, viungo huuma, na watoto wengine hupata matege. Ni uchungu kuona mzee wa namna hiyo akiuziwa chupa baada ya chupa ya dawa ya baridi yabisi, ilhali kila jioni anateka ndoo ile ile iliyomdhuru.

Sasa niyaondoe mawazo yanayorudiwa kila siku. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haipandi na mvuke; maji hupungua, nayo hubaki, ikazidi ukali. Kitambaa, mchanga na klorini haviiondoi, wala mkaa wa kuni, na mbegu za mlonge si za kutegemewa. Rangi ya mto wa Maji ya Chai siyo inayopaka meno, kwani floraidi haina rangi, harufu wala ladha, na kisima chenye maji maangavu chaweza kuwa kibaya kuliko mto. Dawa ya meno yenye floraidi haileti madoa kwa mtu mzima, na hulinda meno yasioze. Mtoto mdogo apewe kidogo sana na afundishwe kutema. Na magadi ya kulainisha maharage na makande, hasa yanayokwanguliwa juu ya ardhi, yana floraidi ndani yake, hata watoto wa vijiji vyenye maji salama wameonekana wakiwa na madoa kwa sababu ya chungu cha nyumbani.

Dawa ya kweli ya maji inatokana na kanuni ile ile. Kama mfupa huikamata floraidi, basi na ufanye hivyo nje ya mwili: mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa digrii 400 hadi 500 katika tanuri yenye hewa haba, ikasagwa na kuwekwa katika chujio, apataiti yake huipokea floraidi ya maji na kuachia haidroksili. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na huko Nakuru, Kenya, ambako maji ya Bonde la Ufa yana tatizo hilo hilo, machujio ya namna hii yametengenezwa pia. Mkaa huo wa mifupa ukichomwa mno hupoteza nguvu, ukichomwa kidogo huacha harufu. Nao hujaa, lazima ubadilishwe kwa kipimo, si kwa kukisia. Ipo pia njia ya shabu na chokaa iliyoanzishwa India.

Basi fanyeni hivi. Pimeni maji ya kisima chenu kwenye maabara ya maji. Kingeni mvua kwenye bati safi na muihifadhi kwa ajili ya wajawazito, watoto wachanga na wote walio chini ya miaka minane. Maji mengine yatumike kwa kufua na kuoga. Acheni kutia magadi katika chakula cha watoto, na wapeni maziwa, kwani kalsiamu hupunguza floraidi inayoingia mwilini. Mwenye kuona haya kwa madoa yake na amwone tabibu wa meno, anayeweza kuyafunika.

Na wale wanaokwangua meno ya vijana kwa jiwe, au kuyapaka tindikali ya betri na kutoza fedha, wanaondoa sehemu ya jino isiyoota tena, na kumwachia kijana maumivu ya maisha pamoja na madoa. Serikali za vijiji ziwakataze magulioni bila kusubiri malalamiko. Na kila anayechimba kisima kaskazini, awe mfadhili, shule au msikiti au kanisa, asikikabidhi kwa watu mpaka cheti cha floraidi kimesomwa hadharani mbele yao.