Kombora la Iran halifiki Mombasa, lakini bei yake inafika

Kutoka Bandar Abbas, kusini mwa Iran, hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 3,500. Makombora ya Iran yanayotajwa kila siku kwenye habari huenda kilomita 2,000 hivi. Kwa hesabu hiyo, hakuna mtu wa Busia, Namanga, Rusumo wala Kasumbalesa anayepaswa kukosa usingizi akihofia kuangukiwa na kombora.

Lakini Julai 2025, wiki tatu tu baada ya vita vya siku 12 kati ya Iran na Israel, lita ya petroli nchini Kenya ilipanda kwa karibu shilingi 9. Dizeli nayo ilipanda, na lori la mizigo linakunywa dizeli. Mwenye lori alipandisha nauli, mwenye mzigo akapandisha bei ya bidhaa, na mama anayeuza nguo sokoni akabaki akijibizana na wateja juu ya vita ambavyo hakuvianzisha.

Ndiyo maana mfanyabiashara wa mpakani anahitaji kuyajua makombora haya: yalitoka wapi, na yanaingiaje kwenye hesabu zake.

Yalianzia vitani

Wataalamu huyapanga makombora ya balistiki kwa umbali. Ya masafa mafupi hayazidi kilomita 1,000, na ya masafa ya kati huenda kati ya kilomita 1,000 na 3,000. Kombora la aina hii husukumwa na injini kwa dakika chache za mwanzo tu. Baada ya hapo hupaa lenyewe kama jiwe lililorushwa, likatoka nje ya anga na kushuka kwa kasi kubwa mno. Kasi hiyo ndiyo inayofanya iwe vigumu kulizuia.

Iran haikuanza na ya masafa ya kati. Katika vita vyake na Iraq vya mwaka 1980 hadi 1988, miji yake ilipigwa kwa makombora ya Scud yenye asili ya Urusi ya Kisovieti, nayo haikuwa na cha kujibu. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 Marekani ilikuwa imeacha kuiuzia silaha, na ndege zake za kivita zilikosa vipuri. Mwaka 1985 ilipata Scud chache kutoka Libya, kisha ikageukia Korea Kaskazini. Mwanzoni mwa 1988 Iraq iliupiga mji mkuu, Tehran, kwa Scud zilizoongezewa masafa, na wakazi wengi wakauhama mji. Viongozi wa Iran walijifunza kwamba nchi isiyoweza kununua ndege itengeneze makombora.

Matunda yalionekana Julai 1998 lilipojaribiwa Shahab-3, kombora lililotokana na Nodong la Korea Kaskazini, lenye uwezo wa kwenda kilomita 1,300 hivi. Shahab ni kimondo, neno lile lile lililozaa jina Shihabu linalojulikana pwani yetu. Kwa kombora hilo, Iran iliweza kuifikia Israel kwa mara ya kwanza.

Shahab-3 lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza shabaha yake ilikuwa mbovu, lingeweza kukosa lengo kwa kilomita nzima au zaidi. Pili lilitumia fueli ya majimaji, ambayo kwa kawaida hujazwa kabla ya kurusha, na muda huo humpa adui nafasi ya kuliona na kulipiga likiwa bado chini. Novemba 2008 Iran ilijaribu Sejjil, lenye fueli yabisi na masafa ya kilomita 2,000. Jina lake linatokana na mawe yanayotajwa katika Sura ya Al-Fil. Tofauti ya fueli hizi mbili dereva yeyote ataielewa: lori moja lipo foleni likisubiri kujazwa mafuta, jingine tangi limejaa na ufunguo uko mkononi.

Kazi hiyo iligharimu maisha. Novemba 12, 2011, mlipuko katika kambi moja karibu na Tehran ulimuua Hassan Tehrani Moghaddam, anayetambulika kama baba wa mpango huo, pamoja na wenzake 16. Mpango haukusimama. Mwaka 2015 lilijaribiwa Emad, ambalo kichwa chake huongozwa kikiwa kinashuka, na mwaka 2022 likaonyeshwa Kheibar Shekan, la fueli yabisi na masafa ya kilomita 1,450.

Iran inasema makombora hayo ni ya kujilinda. Israel, Marekani na mataifa ya Ulaya yanasema ni tishio. Aprili 2024 Iran iliyarusha kwa mara ya kwanza kuelekea Israel kutoka ardhi yake, zaidi ya 100 kwa usiku mmoja. Oktoba mwaka huo ilirusha karibu 200. Katika vita vya Juni 2025, vilivyoanza kwa mashambulizi ya Israel, ilirusha zaidi ya 500. Kwa takwimu za serikali, watu zaidi ya 1,000 waliuawa Iran na karibu 30 Israel.

Bahari Nyekundu

Teknolojia hiyo haikubaki Iran. Januari 11, 2024, wanajeshi wa majini wa Marekani walikamata jahazi karibu na pwani ya Somalia. Ndani, walisema, kulikuwa na sehemu za makombora ya masafa ya kati kutoka Iran zikipelekwa kwa Wahouthi wa Yemen. Wanajeshi wawili wa Marekani walizama na kufa katika operesheni hiyo.

Wahouthi walikuwa wameanza kushambulia meli za biashara Novemba 2023. Machi 6, 2024, kombora la balistiki liliipiga meli ya True Confidence katika Ghuba ya Aden na kuua mabaharia watatu. Siku chache kabla yake, meli ya Rubymar ilizama baada ya kushambuliwa. Inaaminika kuwa nanga yake, ilipokuwa ikiburutwa, ilikata nyaya tatu za intaneti zilizo chini ya bahari, ikiwemo Seacom inayohudumia Afrika Mashariki.

Kampuni kubwa za meli ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza siku 10 au zaidi kati ya Asia na Ulaya. Mapato ya Mfereji wa Suez yalishuka kutoka dola bilioni 10 hivi mwaka 2023 hadi karibu bilioni 4 mwaka 2024.

Mwenye mzigo kutoka Guangzhou atauliza: yangu haipiti Bahari Nyekundu, yanihusu nini? Yanamhusu kwa sababu meli ni zile zile. Meli inayotumia siku nyingi zaidi njiani hufanya safari chache kwa mwaka, makontena matupu yanachelewa kurudi China, na nauli inapanda kwa wote.

Hesabu ya kontena moja

Bima ndiyo inayotangulia kupanda. Kabla ya mgogoro, bima ya hatari za vita kwa meli inayopita Bahari Nyekundu ilikuwa chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ilikaribia asilimia 1. Tuchukue meli ya dola milioni 50 yenye makontena 5,000. Asilimia 1 ni dola 500,000, yaani dola 100 kwa kila kontena kwa safari moja, kabla ya mafuta na siku za ziada.

Mlango wa bahari wa Hormuz una uzito wake pia. Takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita hapo, na mafuta mengi yanayoteremshwa Mombasa na Dar es Salaam hutoka nchi za Ghuba. Juni 13, 2025, Israel ilipoanza kuishambulia Iran, bei ya mafuta ghafi ilipanda kwa asilimia 7 hivi kwa siku moja. Siku 10 baadaye Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Marekani ya Al Udeid nchini Qatar, na anga ya Doha, Dubai na majirani ikafungwa kwa saa kadhaa.

La kufanya

Mfanyabiashara hawezi kuzuia kombora, lakini anaweza kupunguza hasara.

Kwanza, kabla ya kulipa, muulize wakala wako kama nauli aliyokutajia inajumuisha tozo ya ziada ya vita, na nani ataibeba ikija meli ikiwa baharini. Majibu yawe kwa maandishi. Pili, soma bima ya mzigo wako. Bima ya kawaida ya shehena haifidii hasara ya vita. Kinga hiyo hununuliwa kando, na huishia mzigo unapoteremshwa bandarini. Tatu, ukisikia Hormuz imechafuka, kumbuka bei ya mafuta kwetu hutangazwa kila mwezi: Kenya tarehe 14, Tanzania Jumatano ya kwanza. Nauli uliyokubaliana na mwenye lori kabla ya tangazo hilo ina faida kuliko utakayopewa kesho yake.

Nne, usiweke mtaji wote kwenye mzigo mmoja wa msimu. Aliyeagiza bidhaa za sikukuu katika kontena moja, likachelewa wiki mbili, huuza kwa bei ya kutupa sikukuu ikiwa imeshapita, na mkopo wa benki haungoji meli.