Moto Usiokaa: Kauli ya "Betri Haichaji" na Utambuzi wa Hitilafu katika Matatu Kuukuu, Makupa

Msafiri aingiaye Kisiwa cha Mombasa kwa daraja la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022 mahali pa tuta la kale, hulakiwa na msongamano wa matatu. Nyingi ni kuukuu, nazo zimeongezewa vipaza sauti, taa za rangi na pengine hata televisheni. Vifaa hivyo vyote hunyonya umeme wa betri moja ambayo mtengenezaji wa gari aliikusudia kuwasha injini na taa chache tu. Si ajabu basi kwamba lalamiko ambalo fundi wa umeme wa magari hulisikia mara kwa mara ni hili: "Betri haichaji." Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba kauli hiyo fupi ina utata wa kisarufi, na kwamba utata huo una gharama yake.

Kitenzi chaji, kilichotoholewa kutoka Kiingereza, hutumiwa katika mazungumzo pasipo kuzingatia kauli za vitenzi. Gari huchaji, alternata huchaji, betri nayo huchaji. Msikilizaji hawezi kujua iwapo betri haipelekewi umeme au inapelekewa ila haiupokei. Ilhali mnyambuliko wa Kiswahili unatofautisha bayana: betri haichajiwi (kauli ya kutendwa) ni betri isiyoletewa chochote; betri haichajiki (kauli ya kutendeka) ni betri iliyokufa hata ikiletewa. Mwenye matatu asiyetenganisha hayo mawili hununua betri mpya, naye baada ya siku chache hurudi palepale, utingo wakilisukuma gari alfajiri huku abiria wakipanda la mwenzake. Pesa ya siku imepotea, na betri mpya imeanza kuharibika bila kosa lake.

Je, fundi hubainishaje? Chombo chake ni mita ya volti. Betri ya asidi na risasi ya volti 12 ina seli sita. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 au chini yake, moto (hivyo ndivyo umeme unavyoitwa gereji) umekaribia kwisha. Kisha injini huwashwa na mwendo wake kuongezwa kidogo. Volti zikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, betri inachajiwa. Zikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, haichajiwi. Zikivuka 15, kidhibiti cha volti kimeharibika, na betri itachemka hadi maji yake yakauke.

Kipimo hiki hata hivyo hakitoshi, kwani huenda alternata inatoa ila moto haufiki. Kwa hiyo fundi hodari hupima mara mbili: kwenye alternata yenyewe na kwenye vichwa vya betri. Alternata ikisoma 14.2 ilhali betri inasoma 13.2, volti moja nzima imepotelea njiani. Katika mji uliozungukwa na bahari, mtuhumiwa wa kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya, hasa waya mnene unaounganisha upande hasi wa betri na bodi ya gari. Waya huo husahauliwa kwa kuwa umejificha chini na hauonekani kuwa na kazi. Kuusugua kwa msasa na kuukaza upya ni kazi ya dakika chache, nayo imewahi kuokoa betri nyingi zilizohukumiwa bure.

Ikiwa alternata yenyewe haitoi, huangaliwa mkanda kama umelegea, brashi za kaboni kama zimekwisha, na diodi kama zimeungua. Aidha, katika magari mengi ya zamani kuna taa ndogo ya betri kwenye dashibodi. Dereva huiona kuwa ya kuonya tu, kumbe mkondo unaopita katika balbu yake ndio unaoiamsha alternata ianze kazi. Balbu ikiungua, alternata huenda isiamke kabisa. Naye dereva, akiona giza pale, hudhani kwamba mambo ni shwari. Kwa mwanafunzi wa semiotiki, hiki ni kiashiria ambacho ukimya wake una maana mbili zinazopingana. Njia ya kuzitenganisha ni kufungua swichi kabla ya kuwasha injini: taa isipowaka hapo, balbu ndiyo ichunguzwe kwanza.

Matatu nyingine huwa nzima kabisa, ila matumizi yamezidi. Alternata huzungushwa na injini, hivyo injini inaponguruma polepole kwenye foleni hutoa umeme kidogo. Muziki ukipigwa kwa sauti ya juu wakati huo, betri hutoa zaidi ya inavyopokea. Vilevile kuna uvujaji wa usiku. Kikuza sauti kilichosahauliwa kinachonyonya ampea 2 kwa saa 10 huondoa ampea-saa 20, zaidi kidogo ya robo ya betri ya ampea-saa 70. Gari lililozimwa halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi.

Baadhi ya wenye magari hufunga betri ya pili kwa ajili ya muziki, kama ilivyo katika magari ya safari yenye vitanda na jokofu. Zikitenganishwa kwa diodi ya kawaida, volti 0.7 hivi hupotea hapo, na betri ya pili haijai asilani. Mwenyewe husema, tena, kwamba haichaji. Kwa hakika inachajiwa, ila kwa upungufu, na hali hii ya tatu haielezwi kikamilifu na kauli yoyote kati ya zile mbili. Pengine haijai ndilo neno lake, nalo halihitaji utohozi wowote.