Chumvi Isiyoonekana Ndani ya Mashine

Kilosa, mji wa bonde la Mto Mkondoa uliokumbwa na mafuriko mwishoni mwa 2009, na Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, zaujua unyevu na vumbi. Vyote huziingia mashine za oksijeni.

Mabaki ya dawa ya kulehemia na chumvi ya jasho la vidole, yakilowa, hupitisha umeme pasipotakiwa. Mashine hutoa kipimo cha uongo au huzima mgonjwa akiitegemea.

Kiwandani bodi ya saketi husafishwa, kisha sampuli huoshwa kwa alkoholi na maji. Umeme ukipita kwa urahisi katika maji hayo, chumvi ingalipo. Kikomo kilichozoeleka hadi 2018 kilikuwa maikrogramu 1.56 kwa sentimita ya mraba.

Mhudumu, usiinyunyizie mashine dawa. Tumia kitambaa kilichokamuliwa. Iliyolowa isiwashwe: mwite fundi wa vifaa tiba.