Elektrodi na Chuma Chake

Fundi anapoigusisha ncha ya elektrodi kwenye chuma na kuiinua kidogo, umeme huruka katika uwazi huo na kuwasha tao lenye joto la maelfu ya nyuzi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za sentigredi. Gamba la elektrodi huungua likatoa gesi inayoizuia hewa isikifikie chuma kilichoyeyuka, kisha huacha mavi ya chuma juu ya kiungo.

Gamba hilo ndilo la kuangaliwa kwanza. E6013 yafaa kwa milango na madirisha. Tarakimu 60 zaonyesha kuwa chuma cha kiungo huhimili mvuto wa paundi 60,000 kwa inchi mraba. Kwa fremu ya trela yatakiwa E7018, ambayo gamba lake hutoa haidrojeni kidogo mno. Haidrojeni hutokana na unyevu. Huingia katika chuma cha moto, na pengine siku mbili baadaye, kazi ikiwa imekwisha kupokelewa, ufa hutokea kando ya kiungo. Basi pakiti ya E7018 iliyoachwa wazi katika hewa ya Tanga au Mombasa hupoteza sifa yake, na sharti ikaushwe katika tanuri kwenye nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Kuianika juani, kama wafanyavyo wengi, hakutoshi.

Chuma kilichomiminwa katika kalibu, kama bloku ya injini, kina kaboni asilimia 2 hadi 4, nacho hupasuka upesi. Hapo hutumika elektrodi ya nikeli, kwa mistari mifupi ya sentimita 3 hivi, kila mmoja ukigongwagongwa kwa nyundo ungali moto na kuachwa upoe kabla ya kuanza mwingine.